Kuku Wastaafu

Mama yangu amefuga kuku Muheza tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kumwuliza hata mmoja wao kama ana furaha. Asubuhi hufungua mlango wa banda, huwarushia konzi mbili za pumba, kisha kila mtu hushika njia yake: mama shambani, kuku jalalani. Magharibi wanarudi wenyewe, wanahesabiwa kwa macho, mlango unafungwa. Katikati hapo kuku amechakura mchwa, ameoga vumbi chini ya mnazi, amegombana na mwenzake, na ametaga mahali ambapo watoto watatumwa kupekua kabla jua halijazama. Akija mgeni wa heshima, hesabu ya jioni hupungua mmoja.

Sitaki kumpamba mtu wala ndege. Kijijini kuku yuko huru, lakini mwewe naye yuko huru, na kicheche, na kideri. Kideri kikitangulia kufika kabla ya mtu wa chanjo na matone yake ya jicho, banda zima linaweza kupinda shingo ndani ya wiki. Na siku ya kwenda sokoni kuku huyo huyo ataning'inia kwenye usukani wa baiskeli, miguu imefungwa kamba ya mgomba, akiitazama barabara ya Tanga kichwa chini. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mwenye baiskeli bado hajapata nafasi ya kuisoma.

Mimi mwenyewe habari ya ustawi wa kuku niliipata Northampton, Uingereza, ninakofanya kazi ghalani, na aliyeniletea ni binti yangu aliyetoka nayo shule ya msingi. Kwetu yai bora tulilijua kwa kinyesi kilichogandia pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa nembo. Huku yai lina maandishi. Limepigwa muhuri mwekundu juu ya ganda, na tarakimu ya kwanza inakueleza maisha ya aliyelitaga. Sifuri ni kuku wa kilimo hai, anayetoka nje na kula nafaka zisizopigwa dawa. Moja ni kuku anayetoka nje. Mbili ni kuku anayeishi ghalani, hafungiwi kizimbani lakini nje haoni. Tatu ni kuku wa kizimba. Kwa hesabu hiyo mimi, kwa zamu zangu, ni namba mbili.

Binti akapiga marufuku namba tatu nyumbani kwetu. Tangu hapo kununua mayai kukawa kazi ya upelelezi. Unafungua boksi, unageuza yai, unasoma, unarudisha, na mlinzi wa duka anaanza kukusogelea kwa adabu ya Kiingereza. Maboksi yenyewe hayasaidii. Kila boksi lina picha ya majani mabichi na jua linalochomoza, hata lile ambalo kuku wake hajawahi kuyaona yote mawili. Bei ndiyo inayosema kweli: kadiri kuku anavyopata nafasi ya kunyoosha miguu, ndivyo mimi ninavyopungukiwa nauli.

Nafasi yenyewe nimeipima. Kizimba cha zamani kilimpa kuku sentimita za mraba 550, wakati karatasi ya A4, hii ya kuandikia barua za kuomba kazi, ina zaidi ya 620. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 1999 ya kuviondoa vizimba hivyo, ukawapa wafugaji muda hadi tarehe 1 Januari 2012 kujipanga. Kilichofuata ni kizimba kilichoboreshwa: sentimita 750, kijiti cha kulalia, pembe ya kutagia iliyofichwa, na kipande cha kuchakura. Ni A4 ile ile, safari hii na postikadi moja pembeni. Usiku mmoja nikatandaza karatasi sakafuni jikoni, nikaweka na postikadi, nikasimama juu yake kwa mguu mmoja kuona mambo yalivyo. Mke wangu aliingia kuchukua maji. Hakuuliza kitu. Alichukua maji akaondoka, na kesho yake nikamsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba zamu za usiku zimeanza kunichosha.

Kuku wa namba moja, kwa sheria, anatakiwa atengewe mita nne za mraba za uwanja. London kuna watu wanapangishwa chumba cha ukubwa huo, na jikoni ya kushirikiana.

Niseme na hili kabla sijasahau. Kizimba kile kile ambacho Ulaya ilikifukuza, leo kinatangazwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kama ufugaji wa kisasa: ghorofa tatu za waya, maji ya chuchu, mayai yanabingirika yenyewe hadi mkononi. Wauzaji wana sababu zao, na mfugaji mwenye uwanja mdogo Kimara anazielewa. Ila mimi ningependa walau mmoja wao aichore A4 kwenye tangazo.

Sasa, kuku wa mayai ana umri wa kustaafu. Akifika kama miezi 18, idadi ya mayai inaanza kupungua na ganda linakuwa jepesi, basi mwenye shamba anaita lori, wanaondoka wote kwa mkupuo, vijana zaidi wanaingia. Pensheni hakuna. Waingereza, ambao hawashindwi kuunda chama kwa jambo lolote, wameunda vyama vya kuwatoa kuku hawa kabla lori halijafika. Kinachojulikana zaidi ni British Hen Welfare Trust, kilichoanzishwa na Jane Howorth mwaka 2005. Vingine ni vidogo vidogo, vya watu wa kujitolea wenye magari na moyo. Wanakubaliana na mwenye shamba, wanatangaza siku, na watu wanakuja kuchukua kuku wa kulea. Binti yangu aliliona tangazo, akalibandika kwenye mlango wa friji, akawa analitazama kila anapokula.

Kuku hao hupewi hivi hivi. Nilipokwenda kuposa Pangani, wakwe zangu waliniuliza ukoo, kazi na kama naswali, mambo yakaisha kwa kahawa. Wazee wa upande wa kuku walitaka kujua upana wa bustani, urefu wa uzio, kama mtaani kuna mbweha, nani atawalisha nikisafiri, na wakaomba picha ya banda mbele na nyuma. Kulikuwa na swali la uzoefu wangu na kuku. Nikaandika: wa miaka mingi. Kwamba uzoefu wenyewe ulihusu zaidi paja na kidari, fomu haikuuliza. Mwisho nikatia saini kwamba hawa si kitoweo na kamwe hawatakuwa, nikalipa mahari ya pauni chache kwa kila mmoja, na posa ikakubaliwa.

Siku ya kuwachukua tulipanga foleni ya magari kwenye uwanja wa shamba, buti zimefunguliwa, maboksi yametobolewa matundu. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa analia kwa furaha kabla hata hajapewa. Zamu yangu ilipofika, binti wa kujitolea mwenye glavu alinisogelea amemkumbatia kuku, na mkono wangu, kwa malezi yake, ukaenda moja kwa moja kwenye miguu. Nikamshika, nikamgeuza, kichwa kikawa chini, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka sita. Foleni nzima ilinyamaza. Yule binti alimwokoa kuku kwa mara ya pili siku ile, safari hii kutoka kwangu, akanionyesha: kifua juu ya kiganja, mbawa zibanwe chini ya kwapa, na uso wako uwe na upole. Kwenye gari mke wangu alinisihi, tukifika nyumbani, nisimsalimie jirani yeyote hadi kesho.

Binti yangu aliwapa majina njiani, ingawa nilimwonya kwamba kuku mwenye jina hachinjiki. "Ndiyo maana," akasema. Basi tukapata Shangazi, Karani, Bi Harusi na Mwenyekiti.

Serikali nayo ilitaka kuwafahamu. Kwa sababu ya mafua ya ndege, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mwenye kuku England, hata akiwa na mmoja tu wa mapambo, lazima amsajili. Mimi kupata vibali vya kukaa nchi hii kulichukua miaka, wakili, na mtihani wa Kiingereza. Kuku wangu walisajiliwa kabla chai haijapoa, na hakuna aliyewauliza kama wanazungumza Kiingereza.

Walikuwa wanasikitisha, lazima niseme. Upanga wa kichwani umepauka na kulala upande, shingo tupu, mgongoni manyoya machache yaliyobaki kwa bahati. Walisimama kwenye majani wakinyanyua mguu mmoja mmoja, wakidhani ardhi ni ya moto. Mvua ya Uingereza ilipoanza, kuku wa mama yangu wangekuwa wameshajipenyeza chini ya uchaga. Hawa walibaki katikati ya bustani wakilowa, wakitazama juu kutafuta ni nani aliyeacha bomba wazi. Na giza lilipoingia hawakujua kwamba kuku huingia bandani. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha mlango, kwa maana hawakuwahi kuwa na mlango. Kwa hiyo kila jioni nilitoka na kikoi, mwavuli na tochi ya simu, nikiwabeba mmoja mmoja kwa kanuni za yule binti mwenye glavu, nikiwapandisha kwenye kijiti, nao wakishuka, nami nikiwapandisha. Bibi jirani alikuwa akinitazama kutoka dirishani kwake juu. Alidhani ni ibada, na kwa wiki kadhaa alikuwa akipunguza sauti ya redio yake saa hizo ili asinivurugie.

Alipojua ukweli akaleta masweta.

Msomaji, sitanii. Uingereza kuna watu wanaofuma masweta ya kuku, yenye matundu ya mbawa na kifungo kifuani, kwa ajili ya hawa waliotoka vizimbani bila manyoya. Watu wa ustawi wenyewe wanakushauri usiwavalishe: sufu ikilowa inamtia kuku baridi zaidi, inazuia manyoya mapya, na kuku hawezi kujichambua. Lakini nenda ukamweleze hayo bibi wa miaka themanini na kitu aliyekaa mbele yako na masweta manne ya rangi ya machungwa. Tuliwavalisha kwa nusu saa, apate picha. Katika nusu saa hiyo mama akapiga simu ya video.

"Hao ni kuku?"

"Ndiyo, mama."

"Wanaumwa nini?"

"Hawaumwi. Manyoya yamenyonyoka."

"Na hizo nguo?"

"Bibi jirani kawafumia."

Mama akasogeza simu karibu na jicho, akaangalia, akairudisha.

"Mwanangu, huko kazini wanakulipa vizuri?"

"Alhamdulillahi, mama."

"Basi mkumbuke na baba yako mdogo. Lushoto kuna baridi, na sweta lake limetoboka kiwiko."

Manyoya yaliota, wakaanza kunenepa, na siasa ikaanza. Kuku wana cheo. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwachunguza kuku tangu utotoni akiandika nani kamdonoa nani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akachapisha kwamba kila kundi lina ngazi yake, wa juu anamdonoa wa chini, hadi yule wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Kwetu aliyeshika kiti ni Bi Harusi, mdogo kuliko wote na aliyekuja bila unyoya shingoni. Anakula kwanza, anaoga vumbi kwanza, anachagua kona ya kijiti. Mwenyekiti, mkubwa wa umbo, anakula akishaondoka Karani. Nilipendekeza tubadilishe majina yaendane na hali halisi. Binti akanijibu kwamba uchaguzi haujaitishwa.

Lakini vita kubwa haikuwa bandani. Ilikuwa jikoni, na ilihusu ukoko.

Kwa mtu wa pwani, kuku na makombo ni ndugu. Ukoko wa wali, ugali wa jana, maganda ya ndizi, vyote vina njia moja. Kumbe Uingereza kumpa kuku wako chakula kilichopita jikoni ni kosa kisheria. Hata kama ni kuku wa kulea tu. Hata kama ni jani la kabichi ulilolikata kwenye ubao wako mwenyewe ukaona limezidi. Kikishapita jikoni, kimeharamika, isipokuwa kama jikoni humo hamwingii kabisa nyama, samaki, maziwa wala yai. Sheria haikutoka hewani. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka, chanzo kikadhaniwa ni nguruwe wa Northumberland waliolishwa makombo yasiyochemshwa, na kabla haujazimwa mifugo zaidi ya milioni 6 ilikuwa imeuawa. Ukishajua hayo huwezi kuicheka sheria. Unaweza kumcheka anayejaribu kuitii.

"Yaani makombo ya pilau ni jinai?" mke wangu akauliza, sufuria mkononi.

Binti akaona suluhisho: familia yote iache nyama, samaki, maziwa na mayai, jikoni isafishike, na kuku wale ukoko kwa halali.

"Mtu aache samaki," mke wangu akasema polepole, akitaka asikike vizuri, "ili kuku ale ukoko?"

Mjadala uliishia hapo. Nikapanda sukumawiki na mchicha nyuma ya nyumba, ambao unatoka shambani kwenda bandani bila kuvuka kizingiti. Kabichi naipata kwa rafiki mwenye kibustani cha kukodi, naibeba kutoka kwenye gari, nazunguka nyumba kwa kijia cha pembeni, naingia kwa geti la nyuma. Ni mzunguko wa ajabu kwa mtu mwenye mlango wa mbele, lakini kabichi yangu ina rekodi safi. Siku geti lilipovimba kwa mvua likagoma kufunguka, njia iliyobaki ilikuwa kupitia jikoni, jambo lisilowezekana, au kuirusha kutoka upande wa bibi jirani. Niliirusha. Sikujua kwamba upepo nao una maoni. Kabichi iligonga ukingo wa uzio, ikarudi, ikatua katikati ya meza ya chai aliyowaandalia wenzake wa kanisani. Alichosema bibi, akiokota kikombe, ni kwamba anaelewa kabisa, sheria ni sheria.

Kisha Shangazi akaugua. Aliacha kula, tumbo likajaa, akawa anatembea miguu imetanuka. Tatizo ni kazi yenyewe. Kuku wa msituni wa Asia, babu wa kuku wote hawa, hutaga mayai machache, kama kumi na kitu kwa mwaka, kisha anaatamia. Huyu ameumbwa na wataalamu atage zaidi ya 300. Mfuko wa uzazi unachoka, yai linapotea njia, linaozea tumboni. Daktari wa wanyama alimpima, akampa dawa, na akapendekeza kitu cha kumpumzisha kutaga: kipandikizi kidogo chini ya ngozi, ambacho kimesajiliwa kwa mbwa lakini kwa kuku kinafanya kazi.

Niliporudi na bili, mke wangu aliisoma mara mbili.

"Umempeleka kuku uzazi wa mpango?"

"Daktari kashauri."

"Kuku wa mayai?"

"Ndiyo."

"Umelipa ili asitage?"

Alikaa chini akacheka hadi akashika mbavu, kisha, kwa kuwa amesomea uhasibu, akachukua kalamu akaanza kupiga hesabu ya yai letu moja: banda, uzio, chakula cha mifuko, daktari, kikombe cha bibi jirani. Alipofika chini ya ukurasa akaichana karatasi. Akasema ni kwa ajili ya amani ya nyumba.

Kiangazi mama akaja.

Nilimpokea uwanja wa ndege nikiwa na wasiwasi uliotangulia kwa miezi. Kwa mila zetu mama anapokuja kwa mwanawe mara ya kwanza, kuku anachinjwa. Si suala la njaa, ni suala la uso. Na mimi nilikuwa na kuku wanne wanaoonekana kutoka dirisha la sebuleni, wamenawiri, na saini yangu kwenye karatasi. Mama aliweka mkoba, akanywa maji, akatoka bustanini. Binti akamfuata akiwa ametanua mikono kidogo. Mama aliwaita kwa ule mlio wa ulimi ambao mimi nimeshausahau, na wale kuku, waliozaliwa Uingereza kwa mashine, wakamkimbilia. Akamnyanyua Mwenyekiti, akampima uzito kwa mkono, akapitisha kidole gumba kwenye mfupa wa kifua. Nilizuia pumzi.

"Huyu hana kitu," akasema, akamweka chini. "Wamechoka hawa. Waacheni."

Hivyo ndivyo kuku wangu walivyoponea kwa mama, na ustawi wa wanyama haukuingia popote katika uamuzi huo.

Heshima ilibaki palepale, ikidai. Nikaenda duka la nyama la halali nikanunua kuku bora niliyemwona: ametoka nje, ameandikwa vizuri, bei yake ilinifanya niangalie tena kama kuna kingine ndani ya mfuko. Mama akambandika jikoni, akageuka kukuna nazi. Alipofunua sufuria nyama ilikuwa imeachana na mifupa.

"Huyu alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia. Kuku wa nyama anayetoka nje, kwa kanuni, asichinjwe kabla ya siku 56. Wale wa kawaida huchinjwa wakiwa na wiki tano au sita.

"Wiki nane." Mama aliweka mwiko chini. "Mwanangu, hicho ni kifaranga. Na mmekilipia hivyo."

Kesho yake akatoka na mkwewe bila mimi. Walirudi kutoka duka la vyakula vya Kiafrika na kuku wawili wa kugandishwa, weupe, wembamba, wagumu. Mama alikuwa amechangamka. Alimbandika mmoja asubuhi, akamwongezea maji mchana, akamtilia tui jioni, na nyumba nzima ikanukia Muheza. Huyu hakuachana na mifupa. Ukimvuta, anakuvuta.

"Huyu ndiye kuku," mama akasema, na akaniwekea firigisi, kama baba wa nyumba.

Naifahamu biashara hiyo kwa sababu ghala letu limewahi kupitisha mizigo ya aina hiyo. Kuku mgumu wa maduka yetu ni kuku wa mayai aliyestaafu. Wazungu hawamtaki, hana nyama ya kuchoma, kwa hiyo anasagwa kwenye supu za kopo na vyakula vya wanyama, au anauzwa kwetu tunaopenda kitu cha kutafuna; wengine husafirishwa wakiwa wamegandishwa hadi Afrika. Ana miezi ile ile 18, kutoka vizimba vile vile. Aliyekuwa sahanini alikuwa wa rika la Shangazi, wa siku ambayo foleni ya magari ilikuwa fupi. Niliitazama firigisi. Ilikuwa imeiva vizuri sana. Nikala.

Binti yangu, ambaye si mjinga, aliinua kijiko.

"Baba, huyu ni namba ngapi?"

Mke wangu aliniangalia. Mama, asiyejua habari za mihuri, alijibu kabla yangu.

"Namba moja, mjukuu wangu. Kula."

Siku ya kuondoka kwake bibi jirani alikuja na mfuko. Alikuwa amesikia kwamba mama ana kuku wengi, na kwamba banda lao halina kipasha joto, akawafumia masweta kumi na mawili, safari hii ya bluu. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili, na bibi akaitikia amina mahali panapostahili. Mimi niliona ni mzigo wa bure, lakini yaliingia kwenye begi kabla ya chokoleti.

Picha ilinijia baada ya wiki chache. Mtu asiyeijua Tanga atashangaa: joto linamwaga watu jasho, na kila mtoto mchanga amefungwa kofia ya sufu, soksi na blanketi. Kwenye picha alikuwa mtoto wa jirani yetu Muheza, aliyezaliwa juzi, amelala juu ya kanga, amevaa sweta la bluu lenye kifungo kifuani, mikono imetokea kwenye matundu ya mbawa. Chini mama alikuwa ameandika: "Mwambie bibi ahsante sana, limemkaa vizuri. Pale pa mkia tumepashona."